Chemchemi iko juu, bomba linapasuka chini

SWALI: Shikamoo fundi. Kitongoji chetu kiko mteremkoni, Lushoto, kaya 90, watu kama 500. Chemchemi iko mita 130 juu yetu, jirani na shamba la kabichi. Tulichanga tukavuta bomba, wiki ya pili likapasuka usiku, huku chini. Tununue pampu?

JIBU: Marahaba, mama. Pampu ya nini, na maji yenyewe yanataka kushuka? Usiku koki zote zimefungwa, uzito wote wa maji unalala kwenye bomba la chini. Bomba la PN 6 (ndiyo daraja la presha la bomba) hubeba kimo cha maji cha mita 60. Kama lenu ni hilo, mmelitwisha 130. Kosa hilo nami nimewahi kulifanya, koki ikanirukia kifuani. Jengeni njiani matangi madogo mawili yaliyo wazi kwa hewa, yenye boya la kufunga maji tangi likijaa. Maji yakiingia humo presha inakatika, yanaanza safari upya.

Ila kwanza pandeni chemchemini mwishoni mwa kiangazi, si masika, na ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 80, hizo ni lita 21,600 kwa siku. Watu 500 kwa lita 25 kila mmoja ni 12,500. Yanatosha, lakini alfajiri wote mnakinga pamoja, kwa hiyo tangi la lita 10,000 likusanye ya usiku.

Huyo mwenye kabichi kaeni naye kabla ya kununua saruji. Dawa anazopuliza zinateremka kwenu. Na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani watawaelekeza kusajili jumuiya ya watumia maji, muwe na mfuko wa kununulia hata koki.