Jibu: Je, kufunga moyo ukiwa mkavu ni unafiki?

Dada yangu, umeuliza kama kufunga kila Ijumaa bila kuhisi lolote ni unafiki. Hapana, ukavu si unafiki. Soma Isaya 58: watu walifunga, wakainamisha vichwa kama unyasi, na siku hiyohiyo wakawaonea vibarua wao. Hilo ndilo Mungu alilolikataa.

Mama yangu aliuza omena, wale dagaa, hapa soko la Kibuye, Kisumu. Kila Jumamosi jioni alikuwa akigeuza gorogoro lake, mkebe wa kupimia, na kupapasa kitako. Likiwa limebonyea, aligonga kwa jiwe polepole mpaka linyooke, mteja asipunjwe. Kwangu ile ilikuwa ibada, kuliko miaka yangu yote ya kwaya.

Wewe funga tu. Ila huyo msichana wa kazi uliyesema unamtaka asubiri mshahara wake miezi miwili, mlipe kabla ya Ijumaa, tafadhali.