Fizikia ina nafasi hospitalini

Mdogo wangu, umeuliza kama binti anayependa fizikia anaweza kuitumikia tiba bila kusomea udaktari. Anaweza kabisa! Mtazame Rosalyn Yalow wa New York. Alihitimu shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1945, kisha akaingia hospitali ya maveterani kule Bronx. Daktari alikuwa mwenzake, Solomon Berson. Kwa kutumia ayodini yenye mionzi, wakabuni njia ya kupima insulini iliyomo kwenye damu, hata ikiwa kidogo mno. Na hawakuihodhi kwa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yao, jambo ninalolistahi sana. Mwaka 1977 akapewa Nobeli ya tiba, Berson alishafariki.

Kwa hiyo kazana na hisabati, ongeza baiolojia, na mapema utafute mwenzako wa udaktari mshirikiane.