Mkuu, usilijaze daraja zima magari

Simama hapo hapo mkuu, hesabu hiyo usiiendeleze. Umesema daraja lako ni la kebo (sakafu imeshikwa na kebo zinazotoka moja kwa moja kwenye minara), mita 480 kutoka mnara hadi mnara, na unataka kutandaza LM1, mzigo wa magari wa kukokotolea ulio kwenye EN 1991-2, kanuni ya Ulaya ya mizigo ya madaraja, ncha hadi ncha, kisha uongeze asilimia 30 kwa ajili ya mtikisiko wa magari yanayokimbia.

Hiyo asilimia 30 ifute sasa hivi. Namba za LM1 tayari zina mtikisiko ndani yake, unahesabu kitu kimoja mara mbili. Tena kwenye daraja refu, gari linalokimbia silo la kuogopa, maana magari yakikimbia yanaachiana nafasi. Ogopa foleni iliyosimama, malori yamebanana bampa kwa bampa kwa sababu kuna ajali mbele. Daraja la Golden Gate kule San Francisco, tarehe 24 Mei 1987, watu wanaokadiriwa kufika 300,000 walibanana juu yake kwenye sherehe ya miaka 50, na sakafu ikapoteza mbinuko wake. Hapakuwa na kitu kinachokimbia pale.

Halafu LM1 imeandikwa kwa urefu wa kubebeshwa (sehemu ya daraja yenye mzigo) hadi mita 200. Njia ya kwanza ya magari ina 9 kN/m² (kilonyutoni kwa mita ya mraba) kwenye upana wa mita 3, yaani 27 kN kila mita. Lori la tani 40 lenye urefu wa mita 16.5 linatoa kama 24 kN kwa mita, na hapo umeyagandanisha malori bila hata sentimita moja katikati! Foleni ya kweli ina magari madogo mengi, na kadiri inavyorefuka ndivyo wastani wa uzito kwa mita unavyoshuka.

Lakini hilo lingekugharimu chuma tu. Linaloniuma ni hilo la kujaza daraja lote. Tulikuwa na mshauri mkuu mwenye sauti ya kufunga mjadala, akatuambia: "Jazeni lote, ukizidisha mzigo uko salama." Uongo mtupu! Magari ya vipande vya pembeni, nje ya minara, yanauvuta mnara nyuma, ya kipande cha kati, baina ya minara, yanauvuta mbele. Ukijaza kote vinasawazishana, na kwenye karatasi mnara unaonekana hauna taabu yoyote. Sasa ondoa magari ya pembeni, bakiza foleni kati tu. Kichwa cha mnara kinavutwa kuelekea katikati, kebo za nyuma zilizofungwa kwenye nanga zinakaza kupita kiasi, na momenti (nguvu ya kupinda) kwenye shina la mnara inapanda. Geuza, foleni iwe pembeni na kati kuwe kweupe, kebo zile zile zinalegea. Kukaza na kulegea huko mwaka nenda mwaka rudi ndiko kunakochosha chuma. Jumla ya mzigo imepungua, madhara yameongezeka.

Aliyeligundua kosa hilo kwenye mradi wetu ni mkaguzi wa nje, na nguzo za msingi zilikuwa zimeshamwagwa zege. Ikabidi nguzo ziongezwe, msingi upanuliwe, na nanga za kebo zilizokuwa tayari kiwandani zibadilishwe. Yule mshauri akajitetea kwamba kanuni haziko wazi. Ziko wazi kabisa: mzigo wa magari unawekwa pale tu unapodhuru, na pale unaposaidia unaondolewa. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti damu inanichemka.

Na usidhani ni shida ya madaraja ya kebo peke yake. Kwenye daraja la kuning'inia, ambalo sakafu yake inaning'inizwa kwenye kebo kuu, kebo hizo zinavutwa zaidi daraja likijaa, ila mhimili wa sakafu unapinda vibaya zaidi likijaa sehemu tu.

Kwa hiyo leo chora mstari wa athari wa momenti ya shina la mnara, yaani mchoro unaoonyesha mzigo ukikaa kila sehemu ya daraja unaathiri momenti hiyo kiasi gani, tenganisha sehemu chanya na hasi, kisha weka foleni kwenye sehemu za alama moja tu. Fanya hivyo hivyo kwa kebo za nyuma. Bandika michoro hapa niione kabla hujatuma vipimo vya kebo kiwandani.