Kabla Hamjagawa Maswali ya Kupakua

Muhula huu nimewaona wahadhiri wasaidizi wawili wakipakua maswali ya kalkulasi usiku na kuyagawa darasani asubuhi, bila kutatua hata moja. Wadogo zangu, nilicheka, kisha nikanyamaza, maana njia hiyo niliipita mimi kabla yenu.

1. Tatueni kila swali kwa mkono wenu. Mwaka wangu wa pili kazini niliweka katika jaribio swali kutoka kitabu huria cha Marekani, lililotaka derivativi ya log x. Mwandishi alikuwa amekwisha kueleza, katika sura ambayo sikuifungua, kwamba kwake log isiyo na besi ni logi asilia (ln, yenye besi e), kama walivyozoea wanahisabati wengi. Jibu lake likawa 1/x. Wanafunzi wangu walitoka sekondari, ambako log tupu ni ya besi 10, nao wakaandika 1/(x ln 10). Nami, kalamu nyekundu mkononi na majibu ya kupakua mezani, niliwakata alama mmoja baada ya mwingine, kisha nikasimama mbele yao kuwasema kwa uzembe. Binti mmoja alinifuata ofisini na kuniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, yale majedwali ya logi ya kidato cha nne yalikuwa ya besi gani?" Sikuwa na la kujibu. Nilikusanya upya karatasi zote, nikasahihisha siku mbili, nikaomba radhi darasani. Lililoniuma zaidi ni kwamba wale wachache niliowasifu kwa kuandika 1/x, mmoja wao alikiri kuwa alikuwa na kitabu kilekile kwenye simu.

2. Kwa hiyo jueni kuwa wanafunzi majibu wanayo. Kwa mazoezi ya nyumbani tumieni WeBWorK, programu ya mazoezi ya mtandaoni iliyoanzia Chuo Kikuu cha Rochester, ambayo humpa kila mwanafunzi namba zake.

3. Bure si kukosa mwenyewe. Vitabu vya kalkulasi vya OpenStax, mchapishaji wa vitabu huria, vina leseni inayokataza biashara, kwa hiyo yule aliyeongeza faida yake kwenye nakala za kijitabu alichokitoa humo, na anajijua, azirudishe fedha za watoto.

4. Badilisheni futi ziwe mita, lakini badilisheni zote. Mimi niliwahi kubadilisha urefu wa mnara nikaisahau 32 ya mvutano, ambayo ni ya futi, na mpira wangu ukaanguka ubaoni kwa mchapuko usiopatikana hata kwenye Jupita.