Maswali ya Wasomaji: Sura za Watu wa Arrakis

SWALI: Ndugu Mhariri, katika riwaya ya Dune ya Frank Herbert niliyoisoma miaka mingi iliyopita, Liet-Kynes ni mwanamume. Katika filamu ya mwaka 2021 nimemkuta ni mwanamke. Je, mwongozaji ana haki ya kumgeuza mhusika kiasi hicho? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kumbukumbu yako ni sahihi. Katika riwaya hiyo iliyochapishwa mwaka 1965, Kynes ni mwanamume, tena ndiye baba yake Chani, msichana wa jangwani anayependwa na Paul, shujaa wa hadithi, na katika filamu ya mwaka 1984 iliyoongozwa na David Lynch aliigizwa na Max von Sydow. Denis Villeneuve, mwongozaji wa filamu ya mwaka 2021, alimpa nafasi hiyo Sharon Duncan-Brewster, mwigizaji Mweusi wa Uingereza, na kwa maoni yangu hakukosea, kwa sababu uzito wa Kynes haumo katika jinsia yake bali katika hali yake ya kuwa katikati ya pande mbili: ni mtaalamu wa ikolojia anayemtumikia Mfalme Mkuu katika sayari ya Arrakis, ilhali moyo wake uko kwa Wafremen, wenyeji wa jangwa, wanaoota siku ambayo nchi yao itaota miti.

Itazame tena sehemu ile anapomkagua Paul, anayeigizwa na Timothée Chalamet, akiwa amevaa vazi la jangwani linalohifadhi jasho la mvaaji ili aweze kulinywa. Kynes anakuta kijana amelifunga kama wafungavyo wenyeji, anamuuliza kama amewahi kulivaa, naye anajibu kuwa ndiyo mara yake ya kwanza. Duncan-Brewster hasemi mengi hapo, lakini uso wake unabadilika taratibu kutoka ule wa mtumishi wa serikali anayetimiza wajibu wake hadi ule wa muumini aliyeona dalili za mkombozi aliyetabiriwa.

Ukitaka kulalamika, lalamikia kifo chake. Riwayani Kynes anatupwa jangwani bila vazi lile, akaweweseka huku akisikia sauti ya marehemu baba yake, hadi ardhi ikalipuka chini yake. Filamuni anachomwa upanga na askari wa Mfalme, kisha anaupigapiga mchanga ili kumwita mnyoo mkubwa, ambaye anakuja kummeza pamoja na wauaji wake. Tukio hilo linasisimua, lakini kifo cha riwayani, cha mtaalamu kuuawa na sayari ileile aliyoisoma maisha yake yote, kiliniuma zaidi.

SWALI: Zendaya alitangazwa sana, lakini katika filamu ya kwanza nilimsubiri hadi karibu na mwisho. Kwa nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Filamu ya kwanza inasimulia takribani nusu tu ya riwaya, na Paul hakutani na Chani, anayeigizwa na Zendaya, uso kwa uso ila baada ya kukimbilia jangwani. Ndiyo maana katika dakika 155 Zendaya haonekani hata dakika kumi, na nyingi kati ya hizo ni za ndoto za Paul. Itafute sehemu ya pili, ya mwaka 2024. Riwayani Chani anabaki kuwa suria wa Paul wakati Paul anapomposa Irulan, binti wa Mfalme, anayeigizwa na Florence Pugh. Filamuni Chani anakataa kumpigia Paul magoti, anaondoka, na picha ya mwisho kabisa ni uso wake akiwa peke yake mchangani, akimngoja mnyoo wa kumbeba, kwani Wafremen huwapanda minyoo hao.

SWALI: Sisi wa Pwani tunapowasikia Wafremen tunatambua maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Mbona miongoni mwa waigizaji wakuu sikumwona Mwarabu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Swali lako ni la haki, na watu wengi wenye asili ya Mashariki ya Kati wameliuliza pia. Herbert alichota Kiarabu waziwazi. Mtu anayeijua lisani na ghaibu hahitaji mkalimani anaposikia Lisan al-Gaib, jina ambalo Wafremen wanamwita mkombozi wao, Mahdi ni jina tunalolijua, na ndani ya Muad'Dib, jina ambalo Paul analichukua kwa panya wa jangwani, imo adabu yetu hii hii. Sehemu kubwa ya jangwa tunaloliona ni Wadi Rum nchini Jordan na machuguu ya mchanga ya Abu Dhabi. Lugha ikatoka huko, mchanga ukatoka huko, lakini nafasi ya Stilgar, kiongozi wa Wafremen, akapewa Javier Bardem wa Hispania.

Bardem anaifanya kazi yake vizuri sana. Anapotema mate mezani mbele ya Mtawala Leto, baba yake Paul, walinzi wanataka kumrukia, hadi Duncan Idaho, askari wa Leto anayeigizwa na Jason Momoa, anapomshukuru kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Heshima yote ya watu wanaohesabu kila tone inaonekana katika utulivu wa Bardem. Hata hivyo, ustadi wake haujibu swali lako, kwa sababu waigizaji hodari wa Kiarabu wapo na wangeweza kuitwa.

Katika sehemu ya pili yumo Souheila Yacoub, Mswisi ambaye baba yake ni Mtunisia, aliyeigiza nafasi ya Shishakli, mpiganaji ambaye riwayani ni mwanamume. Nafasi yake ni fupi. Anabaki nyuma watu wake wanapokimbia, na anakabiliana na adui katili Feyd-Rautha, anayeigizwa na Austin Butler, bila kuinamisha macho.