Trekta la babu: weka chini kopo la rangi kwanza

SWALI: Fundi, babu ametuachia trekta dogo la bustani, Cub Cadet 124 la mwaka 1968, pamoja na jembe lake. Halijawashwa kwa miaka minane. Fundi mmoja amepima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akasema injini imekufa. Anashauri niweke injini mpya, nilipige rangi, ndipo niliuze. Ndugu zangu wanataka tuliuze hivyo hivyo; mimi nalionea huruma. Nilitunze au niliuze?

JIBU: Pole sana kwa kufiwa na babu. Swali lako la kutunza au kuuza nitalifikia, lakini kuna neno moja katika barua yako ambalo siwezi kulipita: "imekufa". Naletewa injini za namna hii kila mara, zimeshatangaziwa matanga, na nyingi ni nzima.

Trekta lako lilitoka kiwandani na injini ya Kohler K301, silinda moja, nguvu farasi 12. Ndani yake, kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu), mna kifaa kidogo kinachoiacha wazi kidogo valvu ya kutolea moshi wakati injini inazungushwa polepole, ili stata isielemewe. Injini ikishika kasi, kifaa kinajirudi na valvu inafunga sawasawa. Sasa fundi akichomeka geji na kuzungusha kwa stata, atasoma kompresheni ndogo hata kama injini imetoka kiwandani jana. Asiyelijua hilo hana ruhusa ya kumwambia mtu injini yake imekufa, achilia mbali kumuuzia nyingine.

Kipimo cha haki ni hewa. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zote mbili zimefungwa, kamshafti na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) zisiweze kuzunguka, kisha hewa ya kompresa iingizwe kwa tundu la plagi. Halafu unasikiliza. Ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya moshi haikai vizuri, na kwa chombo kilicholala miaka minane huenda ni kutu tu kwenye kiti chake. Ikitokea kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ringi, zile pete za pistoni, ndizo zimechoka au zimeganda. Na hata zikiwa ringi, bloku hiyo ni ya chuma cha kusubu: silinda huchongwa na kuwekewa pistoni ya saizi ya kuzidi, 0.010, 0.020 au 0.030 ya inchi. Wabunifu wake walitaka itengenezwe, wala si kutupwa.

Kama haiwaki kabisa, anza na platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche ya plagi. Zikikaa muda mrefu bila kazi hufanya utando, na cheche inakata. Zisafishe, uweke nafasi ya 0.020 ya inchi. Mwaga petroli ya zamani, fungua kabureta uoshe. Angalia oili kabla ya kugusa stata, kwa sababu injini hii haina pampu ya oili. Kijiko kilicho chini ya konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki, ndicho kinachorusha oili kila mahali. Oili ikipungua, konrodi hukatika na kutoboa bloku. Hapo ndipo injini hufa kweli. Tafadhali usikubali mtu aipulizie dawa ya etha ili "aishtue". Nimezika injini zilizokuwa nzima asubuhi.

Kuhusu rangi, hapa huwa nakosa subira. Watu wanaamini rangi mpya inapandisha bei. Mnunuzi anayeyajua matrekta haya, akiona rangi inang'aa juu ya chombo cha 1968, anajiuliza kimefichwa nini: ufa uliochomelewa, bodi iliyojazwa puti, bati la namba lililopuliziwa likapotea. Rangi ya kiwandani, hata ikichakaa, inamwonyesha kwamba hakuna aliyedanganya. Isitoshe, rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na risasi. Ukipiga msasa mkavu unavuta sumu.

Sasa uamuzi wenyewe. Kama una shamba la bustani la kulima, litunze. Mashine ndogo za kukatia nyasi haziburuzi jembe. Hili liliundwa kwa kazi hiyo, na nguvu inakwenda nyuma kwa shafti badala ya mkanda. Kama huna kazi nalo wala mahali pakavu pa kuliweka, liuze bila kuona haya, maana huruma inayoliacha nje kwenye mvua inalimaliza polepole. Liuze likiwa na injini yake na jembe lake. Vifaa vya asili vikitengana na trekta, vyote viwili hushuka thamani. Ukiweza liwashe mbele ya mnunuzi. Usipoweza, mweleze matokeo ya kipimo cha hewa.

Na wengine wenye trekta, pampu au jenereta ya marehemu: makanjanja huja mapema, familia ikiwa bado imechanganyikiwa, na dawa yao huwa ileile ya kubadilisha. Muulize, "injini ya zamani utaipeleka wapi?" Akijibu kwamba ataiondoa ili kukupunguzia mzigo, mwonyeshe mlango. Nimeona injini za namna hiyo zikifufuliwa na kuuzwa mtaa wa pili. Kama ameshaifungua, dai kila kitu kirudi leo: bloku, kabureta, stata, hata bolti, na uviweke kwenye sanduku moja chini ya paa.