Kula kupita kiasi usiku huanzia asubuhi

Mtu anayekunywa chai ya rangi asubuhi, akaruka chakula cha mchana, kisha saa mbili usiku akala ugali wa watu wawili na kurudi jikoni kukomba sufuria, hujiona hana nidhamu. Hukumu hiyo si ya haki. Mwili ulioshindishwa njaa kutwa lazima udai chake.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea, kwa takribani miezi sita. Wanaume hao wakawa wanawaza chakula kutwa kucha. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakahisi njaa.

Kwa hiyo ukiamua kurekebisha ulaji wako, wiki mbili za mwanzo usipunguze chakula chochote. Panga saa tu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi jioni, saa moja na nusu usiku. Mlo wa saa kumi ndio unaodharauliwa, nao ndio unaookoa usiku: yai la kuchemsha na ndizi, au karanga za kujaa kiganja. Ukiingia jikoni hujafa njaa, unaweza kupakua kwa akili. Asubuhi nayo, maandazi na chai pekee havikai tumboni. Ongeza maharage au yai.

Saa zikishazoeleka, anza kupunguza sukari na mafuta. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu ni gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukiacha ghafla, chai itakuchukiza na utarudi ulikotoka.

Mafuta yanadanganya zaidi kwa sababu humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Pima kwanza kwenye kijiko, ndipo umimine kwenye sufuria; mchicha wa watu wanne unatosheka na viwili. Kaanga kitunguu kwa moto mdogo ukiwa umefunika, na kikianza kushika, nyunyiza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Nyanya zikiingia zitatoa maji yake. Kwenye sahani tangulia kupakua mboga za majani, zifike nusu. Robo iwe ugali au wali, robo maharage, dagaa au samaki.

Kinachowaangusha wengi ni lile wazo la "nimeshaharibu." Umekula chapati mbili za ziada, basi siku imeharibika, wacha nile mpaka nishibe, nitaanza Jumatatu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takribani kalori 7,700. Chapati mbili za kawaida hazifiki hata sehemu ya kumi ya hizo. Madhara yako kwenye kinachofuata. Usijiadhibu kwa kuruka chai ya asubuhi, maana ndipo njaa ya usiku inapozaliwa upya. Mlo unaofuata uliwe saa yake, kwa kipimo kile kile.

Panda kwenye mzani mara moja kwa wiki, asubuhi, umetoka msalani na hujala. Pilau ya Jumamosi inaweza kukuongezea kilo nzima kufikia Jumapili, na nyingi ya hiyo ni maji, kwa kuwa chumvi na wanga huyashikilia mwilini. Wengi hukata tamaa hapo bila sababu.

Anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari aongee na daktari wake kabla ya kubadili saa za kula. Na anayejitapisha, au anayekula kwa siri bila kuweza kuacha, karibu kila wiki kwa miezi kadhaa, asibaki na ratiba hii peke yake. Hayo ni maradhi yanayotibika. Aende hospitali na aeleze yote, hata yale anayoyaonea aibu.